Mtu wa Pili Bandani

Kyimo, Rungwe
Jumatano

Dada yangu Atupakisye,

Shikamoo. Kabla ya jambo lolote, naomba radhi kwa kunyamaza kwangu. Najua umepiga simu tena na tena tangu Pasaka, na najua kwamba hukumwamini mjukuu wako Tulia alipokujibu kuwa babu yuko shambani. Sikuwa shambani. Nilikuwa nimeketi pembeni ya mtoto huyo, nikimwelekeza kwa kidole la kusema. Mimi niliyewachapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huo, nimemfundisha mjukuu wangu kusema uongo ndani ya nyumba yangu. Nianze kukuomba radhi kwa hilo, maana mengine yanakuja.

Goti lako linaendeleaje? Mwanangu Hezron alinieleza kwamba daktari wa huko Mafinga amekukataza kubeba ndoo, nami nikacheka, kwa kuwa namhurumia mtu yeyote anayejaribu kukukataza jambo. Shemeji Jacob hajambo? Mwambie bado naitunza ile kofia ya sufu aliyonipa, na kwa baridi ya mwezi huu sijaivua hata kulala. Godwin na watoto wake nao nawaombea heri. Waambie waandike jina la babu yao kwa usahihi. Katika kadi yao ya Krismasi nilisoma Gelisoni.

Sisi huku tunaendelea. Mvua ni ile unayoijua: asubuhi ukungu, mchana mvua, jioni ukungu tena. Upepo umeilaza migomba mingi ya bondeni, na parachichi changa zimepukutika. Wachumaji wa chai wanatoka alfajiri na kurudi wamelowa. Bati la kanisa upande wa kwaya lilivuja Ijumaa Kuu, ikabidi kinamama wa soprano wahamie kwa wanaume, na Lukasi wa besi akasema hiyo ndiyo ibada bora aliyowahi kuhudhuria. Nilimkemea.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu katika simu ungenikatiza, nami ningepata upenyo wa kukwepa. Karatasi hainikatizi. Tafadhali isome yote kabla ya kumpa shemeji.

Hezron amekwisha kukwambia kwamba ng'ombe wa mkewe Ikupa ameanguka na hainuki. Ni kweli. Unakumbuka jinsi Ikupa alivyompata. Kikundi cha kinamama cha usharika wetu humpa mwanachama mtamba mwenye mimba, naye hulipa kwa kumpeleka ndama jike wa kwanza kwa mwanachama anayefuata. Baada ya hapo ng'ombe ni mali yake. Ikupa aliingoja zamu yake kwa muda mrefu. Banda walilijenga, yeye na Hezron, kabla hata jina lake halijasomwa. Hezron aliporudi kwenye ujenzi Mbeya, yeye ndiye aliyekuwa akishuka bondeni kukata majani ya gwatemala na kupanda nayo kichwani, mvua au jua. Ng'ombe alimwita Sekela, yaani furahi. Mimi niliona ni jina la majivuno kwa mnyama, lakini sikusema kitu.

Anayefuata katika zamu ni Ambindwile, yule mjane jirani yetu ambaye wewe humwita Redio. Tangu mimba ya Sekela ilipoonekana alikuwa akija kila siku kulitazama tumbo na kuligombeza. Alikuwa akiliambia kwamba likimzalia dume atalishtaki kwa mchungaji, na kwamba yeye ameshakata miti ya banda, sasa asije akafugia kuku ndani yake. Ikupa alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Mimi nilikuwa nikivisikia vicheko hivyo kutoka upande wa pili wa nyumba, kwa sababu, kama ujuavyo, mahali alipo mkamwana mimi sifiki.

Hapo sina budi kuiandika desturi yetu, ingawa unaijua, kwa kuwa yote yaliyotokea yametokana nayo. Baba yetu hakuwahi kuketi chumba kimoja na marehemu Mama Hezron. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hatamki jina lake, hampi kitu mkono kwa mkono, haingii alimo, na wala hampingi kwa neno. Wanyakyusa wenzetu wengi, hasa wa kanisani, wamekwisha kuiacha. Siku ya harusi ya Hezron wewe mwenyewe uliniambia niwaache wazee walale na mambo yao. Nilikujibu kwa ukali kwamba nyumba isiyo na mipaka ni soko.

Kwa hiyo tuliishi hivyo. Nilikohoa kabla ya kufika kona ya nyumba ili Ikupa apate kupisha. Mama Hezron alipokuwa hai, yeye ndiye aliyepeleka maneno huku na huku. Alipotuacha, kazi hiyo ikawa ya Tulia, na Tulia akiwa shuleni, Ikupa huwaambia kuku yale anayotaka niyasikie. Atasimama uani na kusema, kuku, mwambieni mzee kwamba uji uko mezani. Nami nitaujibu ukuta kwamba nimeshukuru. Ambindwile alisema kuku wa nyumba hii wanajua Kiswahili kuliko wajukuu zake, na kwamba uani kwetu anahitajika trafiki wa kuongoza magari. Kijiji kilicheka. Mimi nilijivuna, Dada. Nilidhani wanacheka kwa sababu wameshindwa kulea kama mimi.

Sasa nikueleze habari za ng'ombe. Sekela alizaa Jumapili ya Pasaka baada ya ibada, bila msaada wa mtu. Ndama alikuwa jike, mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Ambindwile alipiga vigelegele vilivyowatoa watu majumbani wakidhani kuna posa. Alimshika ndama masikio na kumwambia, mwanangu, kunywa dang'a ya mama yako, ushibe, kisha tuondoke zetu. Ikupa alimwambia apunguze haraka, hata bibi harusi hupewa muda wa kufunga mizigo.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na msiba ng'ambo ya bonde, wa mzee Lazaro. Watu wote wa kitongoji chetu walikwenda, kama ilivyo kawaida. Mimi nilitakiwa kwenda mchana kusoma Neno. Ikupa alibaki kwa ajili ya Sekela, akashuka kukata majani. Nilipopita karibu na banda nikamwona ng'ombe anatetemeka miguu ya nyuma kama mlevi. Nilipofika mlangoni alikuwa amekwisha kuanguka, shingo ameipinda ubavuni, na masikio yake yalikuwa ya baridi kama jiwe la mtoni. Niliitambua mara moja homa ya maziwa. Humpata ng'ombe mwenye maziwa mengi baada ya kuzaa, maziwa yanapovuta madini ya mwili wake kuliko anavyoweza kutoa, hata misuli ikakosa nguvu.

Nilimpigia bwana mifugo. Ni kijana anayeitwa Ambwene, anakaa Msasani ya hapa kwetu Rungwe, ana maneno mengi lakini kazi yake anaijua. Alikuwa kijijini Masoko, kwenye ng'ombe mwingine, na barabara ilikuwa tope tupu. Aliniambia anakuja na dawa, lakini kabla hajafika ng'ombe asiachwe alale ubavu. Alazwe kwa kifua, miguu chini yake, asukumiwe viroba vya majani makavu pande zote. Akilala ubavu, gesi itamjaa tumboni. Na akilalia upande mmoja muda mrefu, uzito wake mwenyewe utauua mguu wa chini, hata dawa ikimponya hatasimama. Alisema hivi, nakumbuka: Mwalimu, muwe wawili, mmoja kichwani na mwingine begani, mtamweza.

Haya yote niliyajua kabla hajayasema. Nilihudhuria mafunzo ya kikundi nikiwa mzee wa kanisa mlezi, na nilikaa kiti cha mbele.

Sekela aliponyoosha miguu na kulala ubavu, wa kulia ukiwa chini, nilimshika kichwa nikavuta. Nilimsukuma bega. Nilivua koti. Mimi si kijana, Dada, na ng'ombe yule ni mkubwa. Nilishindwa. Nikaketi kwenye sakafu yenye unyevunyevu, nikakipakata kichwa chake kisigandamane na saruji, nikangoja. Tumbo lilivimba mbele ya macho yangu. Ambwene alipofika, amelowa mpaka ndani ya viatu, alisimama mlangoni akasema, Mwalimu, huyu ameandika barua ya kuomba ruhusa ya kulala? Kisha akaliona tumbo, na mzaha ukamwisha. Nyuma yake walifika Lukasi na mwanamume mwingine kutoka msibani, na nyuma yao Ikupa, kanga imemganda mwilini kwa mvua. Wanaume watatu walimgeuza ng'ombe kwa muda ambao ningeutumia kufunga kamba za viatu.

Ambwene alimpa dripu taratibu, huku akisikiliza moyo. Sekela alicheua, masikio yakapata joto, akatoa kinyesi, akatazama ndama wake. Tulifurahi. Akajaribu kuinuka, na mguu wa kulia wa nyuma ukakunjika kama kitambaa. Akaanguka tena. Ambwene alipapasa paja lile. Kisha akaniuliza amelalia upande huo tangu lini, na kwa nini hakugeuzwa, naye alisema wawili. Nilimjibu kwamba hapakuwa na mtu. Nilikuwa peke yangu.

Hivyo ndivyo nilivyomwambia Ambwene, na hivyo ndivyo kijiji kizima kinavyojua hadi leo ninapoandika. Matokeo yake ni haya.

Watu waliuliza, kama mimi nilikuwa peke yangu, mwenye ng'ombe alikuwa wapi? Wakakumbuka kwamba walimwona msibani, ng'ambo ya bonde. Basi ikawa kwamba Ikupa aliacha ng'ombe aliyezaa jana akaenda kupiga soga, na baba mkwe, mzee wa watu, akabaki anahangaika na mzigo usio wake. Kinamama wanaokuja kutusaidia kumgeuza Sekela, maana lazima ageuzwe mchana kutwa, hawaji na mikono tu. Wanakuja na midomo. Mmoja humwuliza, Mama Tulia, leo hakuna msiba wa kwenda? Mwingine husema ng'ombe wake yeye akiugua, hata mumewe hapati chakula. Ikupa hainui uso. Anatandika majani makavu ya migomba, anakanda paja la Sekela kwa maji ya moto, anamkamua kidogo kwa ajili ya ndama, anamletea gwatemala mpaka mdomoni. Wanaume wamemjaribu kwa magunia na nguzo, wakamnyanyua nyuma, lakini mguu haujamkubali. Ambwene anasema maadamu anakula na macho yake ni maangavu tusikate tamaa, ila tusingoje milele. Asipokanyaga hadi mwisho wa juma hili, achinjwe, asiteseke.

Ambindwile peke yake haongei. Redio imezimwa. Anakuja, anamshika ndama, anamtazama Ikupa, anaondoka. Juzi aliniambia kwamba ndama huyu alimtamani sana, lakini sasa anaogopa kumpokea mikononi mwa mtu anayelia.

Jumapili iliyopita kikundi kilikaa baada ya ibada. Winfrida, mwenyekiti wao, ni mwanamke wa haki, nami namheshimu. Alisoma kanuni: mwanachama anayemtelekeza ng'ombe hunyang'anywa, ng'ombe na ndama, na hapewi mwingine tena. Akamwuliza Ikupa alikuwa wapi Sekela alipoanguka. Nilikuwa nimekaa kiti changu cha ulezi, mbele yao. Ikupa alipiga magoti, akatazama sakafu, akasema neno moja tu, kwamba alichelewa. Winfrida alimwuliza tena kama ana la kuongeza. Akasema hana. Wakaamua kungoja hadi Jumapili hii ijayo, waone hali ya ng'ombe, kisha watoe uamuzi. Halafu wakaniomba nifunge kwa sala.

Nikafunga kwa sala, Dada. Nilimwomba Mungu awajalie wanawake wa usharika huu kuwa waaminifu kwa kile walichokabidhiwa. Wote waliitika amina. Ikupa naye aliitika.

Sasa nitakuandikia yaliyotokea.

Ikupa alirudi kutoka bondeni Sekela akiwa amelala ubavu kwa muda mfupi tu. Nilisikia mzigo wa majani ukianguka uani. Alikuja mpaka mlangoni, akageuka akanipa mgongo, kanga kichwani, akamwambia ndama aliyekuwa amefungwa pale nje: ndama, mwambie mzee kwamba mimi nina nguvu, yeye ashike kichwa nami nishike bega. Alikuwa karibu nami kama meza hii ninayoandikia. Simu ya Ambwene ilikuwa bado ya moto mfukoni mwangu na maneno yake, muwe wawili, bado yako sikioni. Nami nikauambia ukuta kwamba alipo baba mkwe mkamwana haingii, aende akaite wanaume.

Alikwenda mbio. Nyumba zote zilikuwa zimefungwa. Akarudi akihema, akamwambia ndama kwamba hakuna mtu, na kwamba wawili wapo. Nilikataa tena. Nilisema kwa sauti ya darasani.

Huenda utauliza kwa nini sikutoka ili nimpishe aingie. Nilijiuliza pia, nikiwa pale sakafuni, na jibu nililipata: asingeweza peke yake, kama mimi nilivyoshindwa peke yangu. Kazi ile ilihitaji watu wawili upande huu na upande huu wa ng'ombe mmoja, wakishika kamba moja. Basi nikabaki ndani, naye akachutama nje. Mvua ikaanza. Baina yetu kulikuwa na mbao za banda tu, zile alizozipigilia yeye. Nilimsikia akinong'ona jina la ng'ombe wake. Nilipokuwa nikivuta, nilisikia na yeye akiguna upande wa pili, kana kwamba anavuta. Sikukosa maarifa, Dada, wala sikukosa nguvu. Nilimkosa mtu wa pili, na mtu wa pili alikuwa mlangoni.

Tumbo lilipokuwa kama ngoma, na pumzi ya ng'ombe imekuwa ya kukoroma, ndipo nilipoogopa, nikauambia ukuta kwamba aende msibani akawatafute wanaume huko huko. Alivuka bonde kwenye mvua ile, akapita katikati ya waombolezaji bila kusalimu mtu, akawaleta Lukasi na mwenzake, nao wakadhani kwamba habari ya ng'ombe ilimfikia akiwa tayari msibani. Ndiyo maana walimwona msibani. Mguu uliompeleka kutafuta msaada ndio wanaomshitaki nao.

Na niliposema kwamba hapakuwa na mtu, alikuwa amesimama nyuma ya Lukasi, anatiririka maji. Alinisikia. Kwa desturi niliyoilinda, mkamwana hampingi baba mkwe. Desturi ile ile iliyomzuia mlangoni ndiyo iliyomfunga mdomo, na mimi nilijua kwamba itamfunga. Ningependa kukuandikia kwamba maneno yalinitoka kwa mshituko. Siku ya kwanza, labda. Lakini Jumapili nilikuwa nimekaa, nimevaa tai, sina mshituko wowote, nikamwacha mwanamke apige magoti kwa ajili yangu mbele ya kikundi chake.

Kilichonifanya nishike kalamu ni jambo la jana. Kinamama hawakuja, chai imechipua na wote wako mashambani. Hezron hawezi kupata ruhusa hadi mwisho wa mwezi. Kutoka barazani nilimsikia Ikupa akimsukuma Sekela peke yake, na ng'ombe akiguna. Nikasimama. Sikukohoa. Nilipoingia bandani alishituka, akavuta kanga usoni, akaanza kuzunguka upande wa pili ili atoke. Nikasema, Ikupa. Ni mara ya kwanza kulitamka jina lake mbele yake, na lilinitoka kwa mkwaruzo kama jina la mgeni. Nikasema, Ikupa, usitoke, shika kamba.

Nilidhani ataondoka. Kisha akashika. Mimi nilishika kichwa, yeye bega, tukahesabu pamoja, tukavuta. Dada, aligeuka. Ng'ombe mzima aligeuka kwa urahisi kiasi kwamba nilipepesuka. Hicho ndicho kilichohitajika siku ile, hicho tu, na hakikuchukua muda wa kusema Baba Yetu.

Nilibaki nimesimama bila akili. Ikupa akasema, Mzee, ondoa mguu. Hakumwambia ndama. Aliniambia mimi, kwa haraka, kwa sababu Sekela alikuwa karibu kuulalia mguu wangu. Niliuondoa. Katika miaka yote aliyokaa nyumbani kwangu hilo ndilo neno lake la kwanza kwangu, na lilikuwa la kuniokoa nisiumie.

Tukasukuma viroba. Yeye akaanza kukanda paja kwa maji ya moto, mimi nikaushika mkia usimpige usoni. Nikamwambia kwamba Jumapili nitasimama mbele ya Winfrida na kikundi chote, niseme alikuwapo, niseme nilimkataza, na niseme nilidanganya. Nilimwambia pia kwamba nitaandika kwa mchungaji kuacha uzee wa kanisa, wao waamue kama wanikubalie au wanifukuze kabla. Nilidhani atalia, au atanikataza, au atanishukuru. Nakiri kwamba nilikuwa nimejiandaa kushukuriwa.

Hakuacha kukanda. Baada ya muda akavuta kanga yake, akageuzia uso wake ukutani, akasema: Sekela, mwambie mzee nimesikia.

Basi. Niliondoka kwa kupitia mlango wa nyuma.

Leo asubuhi Sekela aliinua sehemu ya nyuma peke yake, akatetemeka, akashuka tena. Ambwene anasema mguu umeanza kuhisi, lakini hataki kuapa. Inawezekana akakanyaga na bado Ikupa akanyang'anywa, au akachinjwa na bado Ikupa akasafishwa jina. Sijui. Ninachojua ni kwamba ndama anakua, na Ambindwile jioni hii alimwambia yule ndama, kwa sauti ya kunifikia barazani, kwamba kuna watu wazima waliopaswa kulala ubavu kabla ya ng'ombe. Sijui ameambiwa na nani. Huenda amefikiri mwenyewe tu. Redio imeanza kufunguka, nami sikumkemea.

Nakuomba usinipigie simu kabla ya Jumapili. Wewe una moyo laini kwangu tangu utotoni, na ukinihurumia huenda nikapata sababu ya kunyamaza. Usimpigie Hezron pia. Nitampigia mwenyewe Jumamosi, ayasikie kwangu kabla hajayasikia kwa wengine. Najua atanyamaza, naye akinyamaza anafanana na mama yake.

Msalimie sana shemeji Jacob, Godwin na wanawe, na majirani zako wote wanaoniulizia. Tulia anakusalimu, nimemwita hapa na amesema mwenyewe, na ameniomba niandike kwamba siku ile sikuwa shambani. Katika barua zangu zote za nyuma nimekuwa nikimalizia kwa kukuandikia kwamba mkamwana wako naye anakusalimu. Sikuwahi kumwuliza hata mara moja. Safari hii sikuandikii salamu zake, kwa kuwa hajanipa.

Kikundi kikishatoa uamuzi wake, juu ya Ikupa na juu yangu, nitakuandikia, uwe mzuri au mbaya, na nitauandika kama ulivyo.

Mdogo wako,

Geresoni